Usanifu Pasipo Usanifishaji: Kanuni za Pamoja Katika Matoleo Mengi ya Programu za Kuchorea Majengo

Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili hukutana na neno "sanifu" mapema katika masomo yake. Huambiwa kwamba Kiswahili sanifu ni ule usemi uliowekewa kanuni za tahajia, sarufi na msamiati ili watu wa mahali mbalimbali waweze kuandikiana na kuelewana. Hata hivyo, neno hilo hilo lina maskani mengine. Mtu anayeibuni nyumba na kuichora kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa twamwita msanifu majengo. Yamkini wengi wetu tumezitumia istilahi hizi mbili kwa miaka bila ya kujiuliza zina udugu gani. Udugu upo. Kusanifu ni kutunga kitu kwa ustadi na kwa mpangilio, na mpangilio usiojulikana na wenzako si mpangilio, iwe unatunga sentensi au unachora ukumbi.

Makala haya yanauangalia udugu huo mahali ambapo umeanza kulegea: katika ofisi za wasanifu majengo, ambamo jengo moja huchorwa na watu kadhaa wanaotumia matoleo tofauti ya programu moja ya tarakilishi. Hoja yangu ni hii: kanuni za pamoja za uchoraji hazina budi kuishi nje ya programu. Ziandikwe, ziwe na mlinzi, na zisemwe kwa lugha anayoielewa mjenzi. Anayezitia kanuni zake ndani ya toleo moja la programu na kuziacha humo tu amezipangishia chumba katika nyumba ya mtu. Siku mwenye nyumba atakapobadilisha kufuli, mpangaji atalala nje.

Huenda msomaji akauliza jambo hili limeingiaje katika jarida la Kiswahili. Nina majibu mawili. Kwanza, usanifishaji ni taaluma yetu. Tunaisoma historia yake na tunaijua gharama yake, kwa hivyo tuna la kuwaambia jirani zetu wa kitivo cha usanifu majengo. Pili, hasara ya kanuni zilizovurugika haikai ofisini. Huteremka hadi kwa fundi, naye fundi ni msemaji wa Kiswahili.

Kisa cha madirisha kumi na sita

Mjomba wangu ni fundi wa kuchomelea. Ana kibanda cha mabati kando ya barabara, na kwa miaka mingi amekuwa akitengeneza milango na madirisha ya chuma. Alipata kazi ya kutengeneza madirisha ya majengo mawili ya madarasa katika shule moja ya upili. Alikabidhiwa jedwali la madirisha lililochapishwa vizuri, lenye nembo ya ofisi ya msanifu. Ndani yake mlikuwa na dirisha liitwalo W3, upana wake milimita 1200. Mjomba akakata chuma, akachomelea, akapaka rangi.

Katika jengo la kwanza madirisha yaliingia bila taabu. Katika jengo la pili, madirisha kumi na sita yalielea katika nafasi zake kama mtoto aliyevaa shati la babake. Waashi walikuwa wameacha nafasi za milimita 1500, kwa maana ramani ya jengo hilo ndivyo ilivyoonyesha. Juu ya ramani hiyo, kando ya kila nafasi, paliandikwa W3.

Ofisi ilisema kwamba fundi mwenye akili hupima ukuta kabla ya kukata chuma. Mkandarasi alisema jedwali ni jedwali na hataongeza hata shilingi. Mjomba aliunganisha vipande vya ziada pande zote mbili za kila dirisha, kwa chuma chake na umeme wake, na faida ya kazi nzima ikaishia hapo. Nilipomuuliza mbona hakulalamika, alinijibu, "Mpwa wangu, mimi nilipewa karatasi. Hiyo tarakilishi sikuiona."

Baadaye nilizungumza na mmoja wa wachoraji wa ofisi ile, akanieleza ilivyokuwa. Walikuwa wachoraji watatu. Mmoja alipata tarakilishi mpya yenye toleo jipya la programu waliyotumia. Siku moja aliifungua hazina ya ofisi ya milango na madirisha, akarekebisha jambo dogo, kisha akahifadhi. Tangu dakika hiyo tarakilishi za wenzake, zilizobaki na toleo la zamani, zikakataa kuifungua hazina ile. Wenzake walikuwa na siku tatu tu za kumaliza jengo la pili. Wakajiundia W3 yao kutokana na kumbukumbu, na kumbukumbu ikawapa milimita 1500. Hapakuwa na ukurasa wowote ulioandikwa, ofisini humo, unaosema W3 ni nini. W3 ilikuwa ndani ya programu tu.

Hapana aliyefanya uovu hapa. Kijana alihifadhi kazi yake kama alivyofunzwa; wenzake walijitahidi kumaliza kazi kwa wakati. Hata hivyo, wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi, na hapa fahali hao walikuwa matoleo mawili ya programu moja.

Kanuni hizo ni zipi?

Kabla ya tarakilishi, mchoraji alitumia kalamu za wino zenye unene maalum: milimita 0.25, 0.35, 0.5 na kadhalika. Ukuta uliokatwa ulichorwa kwa kalamu nene, na vigae vya sakafu kwa kalamu nyembamba. Kila mchoraji alizijua kanuni hizi kwa mkono wake, na mgeni aliyeingia ofisini alifundishwa kwa kuonyeshwa ramani za awali. Kalamu ya mwaka huu na ile ya miaka kumi iliyopita zilichora mstari ule ule.

Leo kanuni hizo zimeingia ndani ya tarakilishi na zimeongezeka. Ya kwanza ni matabaka. Ramani ya tarakilishi hugawanywa katika matabaka mithili ya karatasi angavu zilizopangwa moja juu ya nyingine: kuta katika tabaka lake, milango katika lake, umeme katika lake. Majina ya matabaka hayatolewi ovyo. Katika mwongozo uliotolewa na Taasisi ya Wasanifu Majengo ya Marekani mwaka 1990, tabaka la kuta huitwa A-WALL. Herufi A ya mwanzo humtaja mwenye kazi, yaani msanifu majengo. S ni ya mhandisi wa miundo, na E ni ya umeme. Mwanafunzi wa Kiswahili ataitambua mbinu hii mara moja. Ni kiambishi ngeli! Kama vile ki- inavyotangulia na kutuongoza katika upatanisho wa sentensi nzima, ndivyo herufi ile inavyotangulia na kuongoza nini kichapwe na nini kifichwe. Shirika la Viwango la Kimataifa nalo lilitoa kanuni zake za matabaka, ISO 13567, mwaka 1998.

Kanuni ya pili ni ile inayofunga rangi na unene. Katika ofisi nyingi zinazotumia AutoCAD, rangi inayoonekana kwenye skrini huamua unene wa mstari kwenye karatasi, na uhusiano huo hutunzwa katika faili ndogo iliyo nje ya ramani yenyewe. Ramani ikitumwa bila ya faili hiyo, kuta na vigae huweza kuchapwa kwa unene mmoja, na msomaji asijue kipi ni ukuta na kipi ni pambo. Ya tatu ni herufi: fonti isipopatikana, programu huweka nyingine mahali pake, na maneno yaliyokaa vizuri ndani ya chumba hutambaa hadi chumba cha pili. Ya nne ni hazina ya vitu vinavyorudiwarudiwa, kama milango, madirisha, masinki na ngazi, ambamo W3 yetu ilikuwemo. Ya tano ni kiolezo, yaani faili tupu inayobeba kanuni zote hizo na ambayo kila ramani mpya huanzia kwayo.

Tabia za matoleo

Programu hizi hazikutulia tangu zilipozaliwa. AutoCAD ilitolewa mara ya kwanza mwaka 1982, na tangu hapo imekuwa ikitoa toleo baada ya toleo. Umbo la ndani la faili zake, ambalo hujulikana kwa herufi DWG, halibadiliki kwa kila toleo. Lilibadilika katika toleo la 2000, la 2004, la 2007, la 2010, la 2013 na la 2018. Ukiifungua faili ya aina hiyo kwa programu ya maandishi matupu utaona herufi sita za kwanza zikitaja umbo lake: AC1015 ni ya 2000, AC1032 ni ya 2018. Mwenye toleo jipya huweza kuhifadhi kazi yake katika umbo la zamani, kwa hivyo anayekumbuka kufanya hivyo hamfungii mwenzake mlango. Taabu ni kwamba si kila mtu hukumbuka.

Revit ina tabia nyingine. Programu hii ilitoka mwaka 2000, na kampuni ya Autodesk ikainunua mwaka 2002. Humo mchoraji hachori mistari. Huunda jengo zima kwa vitu vinavyojijua, ukuta ukijijua kuwa ni ukuta na dirisha likijijua upana wake. Manufaa yake ni makubwa, kwani ukibadilisha dirisha katika ramani, jedwali nalo hubadilika. Lakini faili ya Revit ikishafunguliwa na kuhifadhiwa katika toleo jipya haiwezi kurudi nyuma. Toleo la zamani halitaifungua kamwe, wala hapana amri ya kuishusha. Watu wote wanaoshiriki jengo moja hulazimika kuwa katika toleo moja. ArchiCAD, iliyoundwa na kampuni ya Graphisoft ya Hungaria, huruhusu kurudi nyuma hatua moja tu.

Kwa maneno mengine, programu hizi humsikiliza mzee lakini mzee haelewi zinachosema. Jipya huisoma kazi ya zamani. La zamani haliisomi ya jipya. Jambo hili ni la msingi, na nitalirudia katika mapendekezo.

Funzo la Hamburg na Toulouse

Pana wanaodhani kwamba vurugu za namna hii ni za ofisi ndogo zisizo na fedha. Historia inawakanusha. Mfano ulio wazi zaidi si wa nyumba bali ni wa ndege, lakini ugonjwa ni ule ule.

Kampuni ya Airbus ilipokuwa ikiiunda ndege yake kubwa ya A380, kazi iligawanywa baina ya nchi kadhaa za Ulaya. Wahandisi wa Hamburg, Ujerumani, walitumia toleo la nne la programu ya CATIA. Wale wa Toulouse, Ufaransa, walikuwa wamehamia toleo la tano. Toleo la tano halikuwa la nne lililorekebishwa. Lilikuwa limeandikwa upya. Ndege moja ilihitaji zaidi ya kilomita 500 za nyaya za umeme. Marekebisho yaliyofanywa upande mmoja hayakuonekana sawasawa upande wa pili, na vipande vya Hamburg vilipofika Toulouse kuunganishwa, nyaya zikawa fupi. Mafundi walijaribu kuzivuta, kuzizungusha na kuzipanga upya kwa mkono, lakini hazikufika zilikotakiwa.

Mwezi wa Juni 2006 kampuni ilitangaza ucheleweshaji mkubwa, na hisa za kampuni mama zikaanguka kwa takriban robo katika siku moja. Wakuu wawili walijiuzulu mwezi uliofuata. Ndege ya kwanza ilikabidhiwa Singapore Airlines Oktoba 2007, na hasara ikahesabiwa kwa mabilioni ya euro. Wakuu hao walikuwa na fedha, walikuwa na wahandisi hodari, na programu zao zilikuwa miongoni mwa bora duniani. Walichokosa ni makubaliano ya mapema kwamba kazi moja itafanywa kwa kanuni moja na toleo moja, na mtu mwenye mamlaka ya kuyasimamia. Manahodha wengi, chombo huenda mrama.

Madirisha ya mjomba ni kumi na sita na nyaya za A380 ni maelfu, ila chanzo ni kimoja. Kila upande uliamini kwamba programu ndiyo iliyokuwa ikiitunza kanuni.

Dawa zinazotajwa

Dawa ya kwanza inayotajwa ni kununua toleo jipya kwa kila mtu. Ni dawa nzuri kwa mwenye uwezo. Lakini tangu mwaka 2016 kampuni ya Autodesk iliacha kuuza leseni mpya za kudumu za programu zake nyingi; sasa mtumiaji hulipia muda. Ofisi ndogo iliyonunua toleo la kudumu zamani huling'ang'ania, na haipasi kulaumiwa. Fauka ya hayo, toleo jipya huhitaji tarakilishi yenye nguvu zaidi. Hata ofisi tajiri hailikwepi tatizo hili, kwa kuwa jengo kubwa huchukua miaka kadhaa kuchorwa na kujengwa, ilhali toleo jipya hutoka kila mwaka. Jengo lililoanzishwa katika toleo moja huendelea nalo huku jingine likianzishwa katika jipya. Aidha, mhandisi wa miundo, mkadiriaji gharama na mkandarasi kila mmoja ana ofisi yake na toleo lake. Matoleo mengi ni hali ya kudumu, wala si ajali ya kupita.

Dawa ya pili ni kumwacha kila mtu atumie apendacho, kisha kazi zibadilishwe umbo mwishoni. Nyaya za Toulouse zimekwisha kuijibu hoja hiyo.

Dawa ya tatu ni umbo lisilo mali ya kampuni yoyote, liitwalo IFC, lililotambuliwa kuwa kanuni ya kimataifa ISO 16739 mwaka 2013. Hili ni jambo la kuungwa mkono, kwani huwawezesha watu wa programu tofauti kusomeana kazi na kuihifadhi kwa miaka ijayo. Lakini IFC hufaa kupokezana taarifa kuliko kuendeleza mchoro: dirisha lililopitia humo laweza kufika likiwa na umbo na vipimo, ila limepoteza wepesi wa kurekebishwa. Isitoshe, IFC yenyewe ina matoleo. Waliokimbia matoleo wameyakuta mbele.

Historia yetu wenyewe

Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili anapoweza kunyanyua mkono. Tatizo la matoleo mengi na hitaji la kanuni moja si geni kwetu. Lahaja zilikuwa nyingi na kila shirika la wamishenari lilikuwa na tahajia yake. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliteua Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji, na mwezi wa Januari 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi ikizihudumia Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kamati hiyo ilisoma miswada ya vitabu vya shule na kuipasisha, na mwaka 1939 kamusi sanifu iliyohaririwa na Frederick Johnson ikachapishwa.

Tuangalie yale yaliyofanyika. Palichaguliwa msingi mmoja. Pakawa na mlinzi anayejulikana. Kanuni zikaandikwa mahali ambapo yeyote angeweza kuzisoma. Tangu hapo vyombo vya kuandikia vimebadilika mara ngapi? Kamusi ile ilipangwa kwa herufi za risasi. Zikaja taipureta, zikaja tarakilishi za disketi, na leo twaandika kwenye simu za mkononi. Vyombo vyote hivyo vimepita au vitapita, na neno "kitabu" lingali linaandikwa vile vile. Tahajia yetu haikupotea mashine ilipokufa kwa sababu haikuwa mali ya mashine. Hivi ndivyo W3 ingekuwa salama.

Historia hiyo ina onyo pia. Wenye Kimvita walinung'unika, na wana haki, kwamba lahaja yenye hazina kubwa ya ushairi iliwekwa kando na wageni wasiowashauri wenyeji ipasavyo. Kanuni inayoletwa kutoka juu bila ya kuwasikiliza watumiaji huzaa utiifu wa mdomo na uasi wa kalamu. Nasi wenyewe hatujamaliza kazi: chombo kimoja tunakiita kompyuta, tarakilishi na ngamizi, kila kitabu na chaguo lake. Hivyo hatuwaendei wasanifu majengo kama walimu wasio na dosari. Tunawaendea kama majirani waliokwisha kuungua kwa moto huo huo.

Mapendekezo

Kutokana na hayo, napendekeza mambo sita kwa ofisi yoyote ya usanifu, na kwa idara zinazowafunza wasanifu wa kesho.

Kwanza, kanuni ziandikwe. Pawe na daftari la ofisi, hata la kurasa ishirini, lenye tarehe na nambari ya chapa, linaloorodhesha majina ya matabaka, unene wa mistari, fonti, vipimo, na kila aina ya mlango na dirisha pamoja na upana na kimo chake. Programu itekeleze daftari. Daftari lisinakiliwe kutoka kwa programu.

Pili, hazina kuu ya vitu vya pamoja itunzwe katika toleo la zamani kuliko yote yanayotumika ofisini. Nilisema kwamba jipya husoma ya zamani lakini la zamani halisomi ya jipya. Basi asili ikae kwa mzee. Nakala zipandishwe kwenda matoleo mapya, kila toleo na folda yake, na mtu asirekebishe nakala. Arekebishe asili, kisha nakala zifanywe upya. Siku ofisi itakapoliacha toleo la zamani kabisa, asili nayo ipande kidato kimoja kwa uamuzi wa wazi.

Tatu, pawe na mlinzi mmoja. Wengine wote wawe na ruhusa ya kusoma hazina bali si ya kuandika juu yake. Mlinzi huyo asiwe mfalme. Awe na siku maalum ya kuwasikiliza wachoraji, kwa kuwa kanuni isiyotumika kwa urahisi itakwepwa.

Nne, toleo la programu lichaguliwe siku ya kwanza ya kila kazi na liandikwe pamoja na makubaliano mengine. Hili si wazo langu pekee. Kanuni za kimataifa ISO 19650, zilizotolewa mwaka 2018, zinataka washiriki wa mradi watayarishe mpango unaotaja programu watakazotumia pamoja na matoleo yake. Ofisi ya watu watatu haihitaji makaratasi mengi kama ya uwanja wa ndege, lakini mstari mmoja unaosema "kazi hii ni ya toleo fulani hadi mwisho" inaumudu.

Tano, toleo jipya lijaribiwe kabla halijakaribishwa. Ramani ya zamani ifunguliwe ndani yake, ichapwe, na karatasi hiyo ilazwe juu ya karatasi ya awali dirishani penye mwanga. Jicho litaona kilichohama. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Sita, na hili ndilo linalotuhusu zaidi, kanuni zisemwe kwa Kiswahili pia. Jedwali la madirisha la mjomba lilikuwa la Kiingereza kitupu, na maelezo madogo ya chini, ambayo pengine yangemtaka apime kwanza, hayakumfikia. Ramani ibebe ufunguo mfupi wa Kiswahili unaotaja alama zake: ukuta wa mawe, nguzo, boriti, kizingiti, mfereji wa maji taka. Hapa patahitajika kazi ya istilahi, kwa maana Tanzania husema zege na nondo huku mafundi wengi wa kwetu wakisema konkriti na chuma. Ni nani atakayeifanya kazi hiyo ikiwa si sisi? Mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu aende mahali pa ujenzi na daftari, akayasikilize maneno yaliyomo vinywani mwa mafundi kabla ya kubuni mapya. Kosa la kutowasikiliza wenyeji lilikwisha kufanyika mara moja, lisirudiwe.

Hitimisho

Makala haya hayapingi programu mpya. Nimeona ramani zilizotengenezwa kwazo na nimevutiwa, na ni kweli kwamba dirisha linalojijua upana wake ni bora kuliko mistari minne isiyojijua. Ninalopinga ni kuiachia programu kazi ya makubaliano, ilhali makubaliano ni kazi ya watu. Programu huhifadhi uamuzi wetu kwa muda ambao toleo lake litaishi, na muda huo ni mfupi kuliko uhai wa ukuta.

Mjomba amebadilika kidogo tangu kazi ile. Siku hizi, kabla ya kukata chuma, hutuma kijana wake akapime kila nafasi kwa futi, ijapokuwa hiyo ni siku nzima ambayo hailipwi. Kijana huandika vipimo hivyo kwa chaki ukutani mwa kibanda, kila dirisha na jina lake, kwa Kiswahili. Ukuta ule wa mabati umekuwa daftari la kanuni ambalo ofisi ya msanifu haikuwa nalo. Ingefaa ofisi imlipe.